Maoni ya Kina Mama Kumi na Watatu

Haya niliambiwa na Loice mwenyewe Ijumaa iliyopita, tukitoka ibada kanisani Mesaimeer. Nimekuja huku Doha kumlelea binti yangu mtoto, na Loice huniita nyanya.

Swali moja la bunge la kaunti liliwanyamazisha kina mama kumi na watatu.

Loice ni soja, mlinzi wa hoteli pale Al Sadd. Nyumbani kulikuwa na mswada: chekechea yenye watoto chini ya kumi na watano ifungwe. Ya kijijini kwao ilikuwa na tisa.

Mmoja ni Michelle, mtoto wa dada yake Jebet. Mguu wake mmoja ni mgonjwa, na shule nyingine iko ng'ambo ya kilima.

"Wewe una maneno, Loice," Jebet akasema kwa simu. "Wape wabunge maoni."

Akaandika. Nahashon, dereva mwenzetu wa huku, akachapa. Kina mama wa kijiji chao walioko huku wakatia sahihi, kumi na watatu pamoja naye.

"Wekeni nambari za vitambulisho," Nahashon akasema. "Wasidhani mmeokota majina makaburini."

Kamati ya bunge la kaunti ikawaita kwa video.

Alhamisi saa tatu asubuhi, Loice ametoka shifti ya usiku. Akakaa kitandani na sare, akasoma barua yote. Hakukosea hata neno.

Mwenyekiti akamshukuru. "Sasa nisaidie, dada. Kati yenu, nani ana mtoto shule hiyo?"



Terry, mmoja wao, akazima kamera.

"Wako je, Loice?"

"Bradley yuko akademi."

"Ile ya basi la manjano?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Watoto wa wenzake pia wako huko, shule ya kulipia. Ndivyo tunavyofanya: ukifika Ghuba, mtoto akibaki shule ya serikali watu wanakucheka. Loice akawahesabu watoto hao kwa vidole. Kumi na saba.

"Basi mswada umekuta mmeshaifunga," mwenyekiti akasema, bila ukali.

Loice akampigia Jebet, akamwambia yote.

"Nilijua," Jebet akasema. "Kijiji kizima kinajua. Nilidhani wakisikia watu wa Doha hawatauliza."

"Sasa Michelle?"

"Nitambeba mgongoni. Wewe pumzika, dada."

Wajukuu zangu mlioko ugenini, kabla hamjaitetea shule mbele ya wabunge, angalieni kwanza watoto wenu wameketi dawati la wapi.

Loice anasema hakusikia uchungu, hakusikia chochote. Alivua viatu, akavuta pazia, na kabla ya saa tano asubuhi alikuwa amelala na sare yake.