Saa ya Ishirini

Pale Kihagara, ukiulizia nyumba ya Adrian Kinunda watakukodolea macho. Ulizia kwa Bwana Usingizi, utapelekwa mpaka mlangoni, na anayekupeleka atakuwa anacheka. Jina hilo alirudi nalo kutoka kwenye kazi ya gesi, miaka minane sasa. Na sisi watu wa ziwani, Mungu atusamehe, tukishampachika mtu jina tunamzika nalo.

Kumbe mwenye jina hilo mchana halali! Tangu afukuzwe kazi, hakuna jirani aliyewahi kumwona Adrian amejinyoosha mchana. Homa ikimpiga, anaumwa akiwa ameketi kwenye kigoda, blanketi mabegani, meno yanagongana. Mkewe Ida akimtandikia mkeka barazani, anaukunja. "Wapite waone nimelala? Wapate la kusema?" Basi anakaa hivyo hivyo, mgongo wima, macho kodo, mpaka jua linazama ng'ambo ya Malawi.

Kazi yenyewe ilikuwa mbali, kusini kule pwani, kwenye bomba linalosafirisha gesi asilia. Bomba hilo lina vituo vidogo njiani, kila kimoja na uzio wake, valvu yake, na geji ya kupimia presha. Adrian alikuwa mlinzi na msoma geji. Kila saa anaangalia mshale, anaandika kwenye daftari la zamu. Mshale ukishuka chini ya mstari mwekundu, anapiga simu makao makuu mara moja. Aliipenda kazi ile, na mshahara wake ndio ulioezeka bati nyumba ya Kihagara.

Aliyemtafutia kazi hiyo ni Cuthbert Nyoni, mtu wa kwao, waliyekua pamoja wakivua samaki kwa ndoana moja. Kituoni walipokezana: Adrian anaingia saa nane mchana, anatoka saa nne usiku, Cuthbert anaingia saa nne hiyo ya usiku mpaka alfajiri. Ugali wao ulipikwa sufuria moja. Mtoto wa Adrian, Mariana, alimwita Cuthbert baba mkubwa, na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Siku moja presha ilishuka kwa saa mbili nzima na simu haikupigwa. Ikaja kugundulika baadaye, kwenye hesabu za mwezi, wakubwa wakawaka. Daftari la wiki ile likatafutwa, likakosekana. Lakini makao makuu kulikuwa na mashine inayorekodi yenyewe, nayo ikatoa karatasi. Adrian akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Mabwana watatu walimwinulia karatasi kwa mbali, iliyoandikwa Kiingereza, wakamwonyesha namba kwa kalamu: ishirini.

"Saa ishirini," akasema mmoja wao. "Yaani saa mbili usiku. Ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Ulikuwa wapi?"

"Kituoni, mheshimiwa. Niliangalia mshale, ulikuwa juu."

"Mashine inasema ulikuwa chini. Mashine inasinzia?"

Wakacheka. Ndipo Cuthbert, aliyeitwa kama shahidi, akasimama akiwa ameshika kofia kifuani. "Waheshimiwa, mwenzangu huyu alikuwa amechoka. Usingizi ni wa binadamu. Mfukuzeni kama hamna budi, ila nawaomba msimpeleke polisi." Alisema kwa sauti ya kulia. Mabwana wakatazamana, wakakubali.

Adrian akarudi nyumbani. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Na jambo la kwanza alilomwambia Ida, kabla hata ya kushusha begi, lilikuwa hili: "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Cuthbert kaniokoa na jela." Mwanzoni aliapa kwamba hakusinzia. Mwaka wa pili akawa anasema hakumbuki kusinzia. Kufika mwaka wa nne alikuwa anasema, "Labda nilisinzia." Hebu fikiria mtu kufikishwa hapo, asiyaamini hata macho yake mwenyewe!

Shukrani yake kwa Cuthbert haikuwa na kipimo. Cuthbert alipandishwa cheo, baadaye akaacha kazi kwa hiari, akafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbinga. Kila Krismasi na kila Pasaka, Adrian alipanda milima mpaka huko na kikapu cha usipa, dagaa wetu wa ziwani, waliokaushwa vizuri, wasio na mchanga hata chembe. Mama yake Cuthbert alipofariki, Adrian ndiye aliyechimba kaburi, na hakutaka asaidiwe. Cuthbert naye hakuwa mchoyo. Mariana alipochaguliwa chuo cha uuguzi, yeye ndiye aliyejitolea kumsomesha, mpaka msichana akavaa gauni jeupe. Watu wakasema, huo ndio undugu.

Sasa mwaka huu akaletwa shule ya kijiji mwalimu wa hesabu, kijana wa Tanga aitwaye Nazari, akapanga chumba cha uani kwa Adrian. Nazari ni mtu wa kudadisi mno. Anawafundisha vijana wake takwimu kwa takwimu za kweli. Zile za vitabuni anasema ni chakula kilichokwishatafunwa. Jumamosi moja alirudi kutoka Mbinga, alikokwenda kutafuta mtandao wenye nguvu, akamkuta Adrian kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Za mlimani?"

"Baridi tupu. Mzee, si uliniambia uliwahi kufanya kazi kwenye gesi? Nimepata kitu. Takwimu za mabomba zimewekwa hadharani, kwenye tovuti. Kila kituo, kila siku, kila saa, miaka kumi nyuma. Nimemaliza bando zima kupakua."

Adrian akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichoweza kununua, "Na kituo chetu kimo?"

Kilikuwamo. Nazari akafungua laptopu juu ya meza ya kulia, akaandika jina la kituo, akaandika tarehe ambayo Adrian hakuhitaji kufikiri ili kuikumbuka. Jedwali likatokea: mistari ishirini na nne, kila mmoja na presha yake. Adrian akashusha kidole polepole. Kumi na nane, sawa. Kumi na tisa, sawa. Ishirini, imeshuka. Ishirini na moja, imeshuka.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ishirini. Basi nililala kweli. Funga, mwalimu."

Nazari hakufunga. Mwalimu wa hesabu humfundishi ukaidi! "Subiri, mzee. Namba bila maelezo yake ni uvumi tu. Hawa wameweka ukurasa wa maelezo, watu wengi hawausomi." Akaufungua, akawa anasoma na kumfasiria: kipimo cha presha ni hiki, alama hii maana yake kifaa kilikuwa kwenye matengenezo, nafasi tupu maana yake hakuna taarifa. Halafu akafika kwenye mstari mmoja, akausoma mara mbili.

"Mzee, hizi si saa za ukutani. Hii ni siku ya gesi. Inaanza saa kumi na mbili asubuhi, jua linapochomoza, inaisha kesho yake saa kumi na mbili asubuhi. Saa ya kwanza ni ile inayoishia saa moja asubuhi. Saa ya kumi na mbili ni jioni. Saa ya ishirini..." Akahesabu kwa vidole, japo ni mwalimu. "Kumi na tatu ni saa moja usiku. Kumi na nne, saa mbili. Ishirini ni saa nane usiku. Ulikuwa zamu saa nane usiku?"

Adrian alikuwa amesikia sauti nyingine kabisa, sauti ya Cuthbert akicheka, miaka ile, siku aliyorudi kutoka mafunzo ya wiki moja. *Kinunda, utaamini? Mabwana wakubwa wa gesi nao wanahesabu saa tangu jua linapochomoza, kama bibi zetu!* Walicheka pamoja, mikono ikiwa kwenye ugali. Cuthbert ndiye aliyemwambia. Mabwana wa kikao, watu wa ofisini, waliisoma karatasi kama saa ya ukutani; huenda hawakujua. Lakini Cuthbert alijua. Alisimama pale na kofia kifuani, akijua kwamba saa nane usiku ilikuwa zamu yake, na akamwombea huruma mtu asiye na kosa.

"Mzee," akasema Nazari, "unanisikia?"

"Niprintie," akasema Adrian. "Zote mbili. Jedwali na maelezo yake."

Jumatatu Nazari akamletea karatasi zile kutoka shuleni. Adrian akamwambia Ida kwamba anapanda Mbinga kumwona Cuthbert, basi, hakusema zaidi. Ida akamfungia kikapu cha usipa kama desturi, naye akakipokea. Mkono ulishazoea.

Duka la Cuthbert lilikuwa limejaa wateja wa baada ya mauzo ya kahawa, watu wa kijiji cha Ruanda na vijiji vya jirani wakinunua bati na saruji. Adrian akangoja mpaka wakapungua. Hakusalimia. Akazitandaza karatasi juu ya kaunta, katikati ya misumari, akaweka kidole kwenye ishirini, kidole kingine kwenye mstari wa maelezo.

Cuthbert akavaa miwani. Akasoma. Akaivua.

"Nani kakupa hizi?"

"Sikupewa. Ziko hadharani. Hata mtoto wa shule anazifungua."

Cuthbert akazunguka kaunta, akaketi juu ya mifuko ya saruji, mtu mzima, tumbo limemlalia mapajani. "Nilikuwa na watoto wanne, Adrian. Wewe ulikuwa na mmoja."

"Ulilala?"

"Nililala."

"Na daftari?"

"Nilichoma."

Adrian alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Njia nzima kutoka ziwani alikuwa amepanga maneno ya kumshinda mtu anayekana, na sasa mtu hakani. Hasira ikakosa pa kushika. "Nilimchimbia mama yako kaburi," akasema. "Kwa mikono hii. Nikakushukuru wewe kwa kuniruhusu."

"Najua. Ndiyo maana nilijaribu kulipa. Mariana nimemsomesha kwa sababu gani, unadhani? Kwa ukarimu?" Cuthbert akainua macho, na hapo, kwa mara ya kwanza, akaonekana kushangaa. "Kwani Ida hajakwambia? Mwaka ule nilipolazwa nikadhani nakufa, alikuja na uji. Nikamuungamia kila kitu. Mwaka wa tano sasa. Mimi nilijua umeshajua, umeamua kunyamaza tu kama mwanamume."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakusema kiko kwenye nguo gani. Adrian akazikunja karatasi, akachukua kikapu chake, akatoka. Cuthbert aliita jina lake mara mbili, jina lake la kweli, na wateja wakageuka kutazama.

Gari lilimshusha Kihagara jua likiwa bado kali. Ida alikuwa uani anapepeta mhogo. Alipoona kikapu kimerudi kama kilivyoondoka, ungo ukatulia mikononi mwake.

"Mwaka wa tano," akasema Adrian.

Ida akaweka ungo chini. "Baba Mariana, sikiliza. Mtoto alikuwa ndiyo anaanza chuo. Ningekwambia, ungekwenda kule kupigana, Cuthbert angekata ada siku ileile. Sisi tungempeleka wapi? Kwa mhogo huu?" Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini aliendelea, maana maneno haya alikuwa ameyakariri miaka. "Nilisema akimaliza nitakwambia. Alipomaliza, nikaogopa."

Adrian alilielewa hilo. Hicho ndicho kibaya, alilielewa kabisa. Mwenyewe angemfanyia Mariana makubwa kuliko hayo. Angeweza kuishia hapo, akaomba maji ya kunywa. Lakini kuna kitu kimoja kilikuwa kimemkaa kooni tangu Mbinga.

"Mwaka juzi," akasema, "wavu wangu ulipoibwa pale mchangani. Watu walijaa. Ulisimama mbele yao ukasema, 'Mtamlaumu mwizi bure, huyu mume wangu usingizi ndiyo kazi yake.' Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku ile ulikuwa unajua?"

Ida akatazama chini.

"Ida."

"Nilikuwa najua." Akajifuta uso kwa kanga. "Ningeacha kukuita hivyo, watu wangeuliza kulikoni. Na Cuthbert angesikia."

Adrian akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea salamu ya mbali. Akaenda ndani, akatoka na mkeka, ule ule aliokuwa akiukunja miaka yote. Akautandika barazani, upande wa barabara. Wanawake waliokuwa wanatoka ziwani na ndoo kichwani wakapunguza mwendo. Nazari, aliyekuwa anaingia kutoka shuleni, akasimama palepale langoni.

Adrian akavua viatu, akavipanga. Akalala chali mchana kweupe, mbele ya watu wote, akafumba macho.

"Loo! Bwana Usingizi leo!" mmoja wa wale wanawake akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Ida alikuwa amesimama kando na kikapu cha usipa mkononi. Midomo ilimcheza. Sisi tuliokuwapo tulidhani atasema kitu, lakini hakusema.