Mchezeshaji Niliyemtoa Mji wa Samad

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni. Na kwa kuwa umeniambia chuo kimekupa kazi ya kutafuta washambuliaji wa msimu ujao, afadhali nikuhadithie kabla hujawasha gari.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kocha msaidizi wa chuo kimoja hapa mjini Ibra. Mabeki tulikuwa nao madhubuti, lakini mbele hatuna mtu. Mpira ukifika katikati unakufa. Maalim Khalfan, mkuu wetu wa michezo, mtu mzima aliyezaliwa Unguja kama baba yangu, akaniambia, "Nitafutie wa kuchezesha. Mmoja tu, lakini awe na macho."

Nilimpata katika mji wa Samad Ash Shan, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya mitende. Jina lake Nasser, miaka kumi na tisa, anangojea kuingia chuo. Mpole, ukimsalimia anatazama chini. Lakini akipata mpira alikuwa akiupeleka pahala pasipo mtu, na mtu anatokea. Nilisimama pale nikasahau kuwa jua linaniunguza.

Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa mjane. Nilimwamkia, akanikaribisha kahawa.

"Nasser nitakupa, mwanangu," akasema. "Ila mara mbili ameanguka uwanjani akazimia. Daktari kaandika barua akapimwe moyo hospitali ya Nizwa, Jumatatu. Mie sina wa kunipelekea. Mpeleke wewe, wakisema mzima, mchukue."

Nikamwahidi, nikaitia barua katika kisanduku cha mbele ya gari.

Sasa Jumatano yake tulikuwa na mechi mjini Sur ya kuchagua kikosi cha msimu, na Jumatatu ndiyo mazoezi ya mwisho. Nikapiga simu Nizwa, nikaomba miadi isogezwe wiki mbili. Nasser nilimuuliza anajisikiaje, lakini kwa namna ya mtu aliyekwishalichagua jibu.

"Mzima, kocha."

Nikamwambia asimwambie mama yake kuwa miadi imesogezwa, asije akamtia wasiwasi. Ukweli, mwanangu, nilitaka watu waseme mimi ndiye niliyemvumbua.

Na walisema. Sur kulikuwa na joto zito siku ile, naye akatoa pasi mbili za magoli. Watu wakaniuliza nimemtoa wapi, nikajibu kwa majivuno. Kipindi cha pili kilipoanza tu, alisimama, akaweka mkono kifuani, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Hakuinuka tena. Madaktari walijaribu, wakashindwa.

Khabari nilizipeleka mimi mwenyewe kwa mama yake, Samad. Bi Zuwena hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Nizwa mlikwenda?"

"Tulikwenda, mama. Walisema mzima."

Wallahi sijui neno lile lilitoka wapi. Nikabeba jeneza, nikapewa pole na watu, na uwongo ule niko nao.

Hata siku arubaini hazijatimia, Maalim Khalfan akapanda gari langu, akafungua kisanduku kutafuta karatasi ya kufutia jasho. Akaitoa barua. Bado imefungwa.

"Hii si ndiyo barua ya Nizwa aliyoitaja mama yake msibani?"

Nikalizima gari.

"Ulipewa mtoto wa watu, wewe ukachukua miguu yake. Haya, washa gari, twende Samad."

"Maalim, nipe siku mbili."

"Siku mbili za nini? Huyo mama analala vipi, umewahi kujiuliza?"

Nilimwambia Bi Zuwena yote, macho yangu kwenye mkeka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mie nilidhani ni mimi. Asubuhi ile alisema hana hamu ya kula, nikamlazimisha. Kila siku najiambia, ikiwa moyo ulikuwa mzima, basi mwanangu nimemuua kwa chakula changu."

Nikamwomba msamaha.

"Leo sina," akanijibu. "Nendeni."

Kila Idi nilikwenda kumwamkia mpaka alipofariki. Kahawa alinipa. Neno la msamaha hakulisema, nami sikuthubutu kulidai.

Basi nenda, mwanangu, kawatafute vijana wako. Lakini kabla hujamtazama mtu anavyocheza, waulize wazee wake anaumwa nini, na ukiambiwa, lishughulikie kwanza. Mechi ikigongana na daktari, mechi ingoje. Usimuulize kijana anayetaka kukupendeza kama ni mzima, maana atakwambia ndiyo. Na ukikosea, sema siku ile ile, kwa sababu kosa utakalolificha wewe kuna mwengine analibeba bila ya kujua.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe ujasiri wa kusema kweli hata ikiwa chungu, na kila mtoto utakayemchukua kwa mama yake akujaalie umrejeshe mzima. Amin.