Kanzu Mbili za Nasima

Ukitaka kumuona Nasima akikasirika, mpelekee kitambaa mwisho wa Ramadhani. Kibanda chake kiko chini ya majumba ya Michenzani, kina cherehani moja na feni inayozunguka ikijisikia. Atakitazama kitambaa, atakutazama wewe, kisha atakwambia umtafute fundi mwengine asiye na akili. Mimi keshanifukuza mara nyingi na bado narudi, kwa sababu hapa mjini sijaona anayeshona nguo ya mtoto ikamkaa kama yeye.

Lakini hata kazi zimzidi vipi, kwanza hushona kanzu mbili za kijana, sare, kutoka jora moja. Nasima hajaolewa wala hana mtoto, kwa hiyo majirani zangu walishamtungia visa vya kutosha. Mimi nilimuuliza mwenyewe. Alinihadithia huku akitia uzi kwenye sindano, kwa sauti ya kawaida kabisa. Hasira mtakazozisikia humu ni zangu.

Mama yake alifariki Nasima akiwa bado darasa la pili, na baba alishakwenda Arabuni akapotelea huko. Baada ya hitma jamaa walikaa kikao. Walikula pilau vizuri, wakalia vizuri, kisha kila mmoja akakumbuka kwamba nyumba yake ni ndogo. Ami yake Nasima mwenye ghorofa Mji Mkongwe ndiye aliyekuwa na nyumba ndogo kuliko wote.

Basi ikaingia ofisi inayohusika. Siitaji jina, maana hata wenyewe hawajui wanahusika na nini. Ofisi ilimchukua Nasima na mdogo wake Nadir, mtoto aliyekuwa hashuki mgongoni kwa dada yake, mwenye kovu la uji wa moto chini ya kidevu. Nasima alipelekwa kulelewa kwa Bi Tahiya, Mji Mkongwe. Nadir alipelekwa Jambiani, huko kusini. Afisa wao, Bwana Abrahman, alieleza kwamba ndugu wakiwekwa pamoja huchelewa kuzoea. Na kweli Nasima alizoea. Alizoea kuamka wa kwanza, kufagia, na kula wa mwisho.

Bi Tahiya hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Idi ya kwanza alinunua jora moja akawashonea sare binti zake na Nasima pia. Binti walizivaa Idi. Gauni la Nasima liliingia kabatini likasubiri siku ya ukaguzi. Abrahman akija, linatolewa, linavaliwa, linapigwa picha. Akimaliza soda yake, linavuliwa. Kwa kuwa Abrahman hakuwa mtu wa kujichosha kwa safari, gauni lilibaki jipya huku mtoto akikua ndani yake. Bi Tahiya aliteremsha pindo, kisha akamfundisha Nasima kukaa bila ya kunyanyua mikono. Ndio mwanzo wake wa kuujua ushoni.

Kila ukaguzi Nasima aliuliza jambo moja tu: atamuona lini Nadir. Abrahman alimjibu "Inshallah, mwanangu," kama mtu anayefunga dirisha. Kisha alimuuliza kama ana raha, na Nasima, aliyekwishaminywa paja chini ya meza, alisema anayo. Mtoto mwenye raha anahamishiwa nini?

Halafu wakaja wafadhili. Hao walitaka kuona ndugu wakikutanishwa, tena kwa macho yao, tena wiki ya Idi. Ofisi ikakumbuka ghafla kwamba ina ndugu. Ukumbi ulipambwa, na Bi Tahiya akatoa kitambaa cha sare: gauni la Nasima na kanzu ya Nadir. Nasima alifunga kashata ya ufuta kwenye kitambaa cha mkono, kwa sababu Nadir alikuwa akiililia tangu hajui kuitamka. Aliishika safari nzima mpaka ikaanza kuyeyuka.

Mlango ukafunguliwa, akaingizwa mtoto ndani ya kanzu mpya. Hakuwa Nadir.

Kwetu Unguja mtu ni jina lake na la baba yake, na hata hayo hayatoshi kumpata mtu mtaa wa pili. Lazima useme mjukuu wa nani, wa nyumba ipi, mama yake alizaliwa wapi. Bibi yeyote kibarazani angeliuliza hayo kabla hujamaliza salamu. Abrahman, mwenye shahada, aliagiza kusini aletewe Nadir Hamid, na akaletewa Nadir Hamid. Mtoto ni yatima, jina ni lake, na muda ulikuwa umekwisha.

Nasima alikitazama kidevu kile kisicho na kovu. Aliniambia wazi kwamba alimchukia yule mtoto. Alimchukia kwa kusimama pahala pa mtu mwengine, na alishafungua mdomo aseme mbele ya ukumbi mzima. Yule mtoto akamkumbatia kama alivyofundishwa njiani, akamnong'oneza sikioni.

"Najua si mie. Lakini usiwambie. Sijapata kuwa na dada."

Nasima akaufunga mdomo. Akafungua kile kitambaa akampa kashata, na mtoto akaila hapohapo mpaka akaramba vidole. Ukumbi ulipiga makofi. Mfadhili mmoja alilia, na Bi Tahiya alilia kumshinda, maana kamera ilikuwa upande wake. Jioni kila mtoto akarudishwa alikotoka.

Baadaye Nasima alikwenda ofisini kwa miguu yake akasema kweli yote. Abrahman alimuonesha picha ukutani.

"Huyu si Nadir? Kwani wewe unataka Nadir wangapi?"

Wa kweli alikuwa keshaondolewa Jambiani zamani, akapelekwa nyumba nyengine, kisha nyengine, na kila aliyempokea alidhani mwenzake ndiye anayejua. Lakini sasa nani amtafute? Ofisini amepatikana, amekumbatiwa, amepigwa picha. Nasikia siku hizi Abrahman anawafundisha maafisa wapya namna ya kuwakutanisha ndugu.

Mwaka huu nilikuwapo kibandani yule Nadir wa ukumbini alipokuja kupimwa. Anakuja kila Ramadhani, na sasa ameanza kuota ndevu. Alinambia shikamoo, akamwamkia Nasima, akasimama akanyoosha mikono bila ya kuambiwa. Nasima alimpima mabega, kifua na urefu, kisha akaanza kukata kanzu mbili kwa mwili ule mmoja, maana wale wawili ni rika moja na hana kipimo chengine. Moja huivaa huyu. Nyengine huingia kabatini juu ya za miaka iliyopita, ile ndogo kabisa iko chini. Hapo niliona bora niyatazame majumba ya nje.

Mkasi ulikuwa unakaribia pindo la kanzu ya pili yule kijana aliposema, "Dada, hiyo ya kwake iongeze kidogo. Huenda keshanipita urefu."

Nasima akaurudisha mkasi nyuma, akaongeza.