Pazia Kwenye Kiti cha Nyuma

Miaka saba Mama Sindano hakumsalimia Bwana Meno. Wakikutana njiani, yeye hutazama juu kama anayekagua bati la jirani. Bwana Meno ni muuza magari yaliyotumika, na hayo meno ni ya kumwonyesha mnunuzi tu. Akishapokea chake, mdomo unafungwa kama duka siku ya msiba.

Mama Sindano ni fundi wa viti vya magari. Mwaka ule alikopa kampuni ya mikopo apate gari dogo la kubebea sponji na ngozi. Kampuni ikamlipa Bwana Meno palepale, yeye akabaki kuilipa kampuni kidogo kidogo kila mwezi. Gari kwa nje linang'aa kama bwana harusi. Ndani, kiti cha nyuma kimechanika tumbo lote nje. Sasa fundi viti apande kiti kilichochanika, watu watasema nini? Siku hiyohiyo akakivalisha kitambaa kilichobaki aliposhona mapazia ya sebuleni, kijani chenye mistari ya njano. Akapiga ule mshono wake wa kurudi mara tatu, ambao mumewe huuita mshono wa mwanamke asiyeamini mtu.

Kesho yake gari likakohoa mlimani. Siku ya tatu likakataa gia zote za mbele, likabaki na ya nyuma peke yake. Siku ya nne wakalirudisha kwa mwenyewe, kinyumenyume, mume kwenye usukani shingo imepinda, barabara nzima inawapigia makofi.

"Shemeji, mbona mapema?" Bwana Meno akasema. "Haya, mimi si mtu wa kugombana. Acheni funguo. Hela ya kampuni nitairudisha mwenyewe. Tumemalizana."

"Tuandikie," Mama Sindano akamwambia.

Mumewe akamkata jicho. "Usinitie aibu, mama. Mwanaume mwenzangu kanipa mkono."

Basi wakarudi nyumbani kwa miguu, gari hawana, karatasi hawana, wana mkono.

Kumbe hela haikurudi kampuni hata senti. Mwezi wa tatu wakaja wanaume wawili wa kampuni kukamata gari. Wakatafuta uani, wakatafuta nyuma ya choo, mmoja akainama kuchungulia chini ya kitanda, sijui gari hukunjwa mara ngapi. Walipokwenda kumuuliza Bwana Meno, akawaonyesha meno: "Mimi niliuza, wakaondoka nalo, sijaliona tena." Ndiyo ikaandikwa kwenye kompyuta: mdaiwa sugu, kaficha gari.

Toka hapo kila mlango ukawa ukuta. Mama Sindano alikuwa na shida moja tu duniani, cherehani ya kushonea ngozi, na cherehani hiyo fundi wa kibandani haipati ila kwa mkopo. Akaenda duka la kwanza, la pili, la tatu. Hata pasi ya umeme ya kulipia taratibu walimnyima.

"Mama, jina lako linatoka jekundu," muuzaji akamwambia. "Kompyuta inasema umeficha gari."

"Nimelificha wapi, kwenye sidiria?"

Wateja wakacheka, lakini cherehani hakupewa. Akashona ngozi kwa mkono miaka saba, kidole gumba kikawa kama kisigino. Wenye magari ya maana wakahamia kwa mafundi wenye mashine. Mumewe akiona vile husema, "Mwachie Mungu."

"Mungu ndiye aliyempa mkono? Si wewe?"

Na mzee huyo huchukua ufagio akafagia kibanda kilichokwisha kufagiwa.

Juzi akaja mkunga, kahamishiwa hospitali ya hapa kutoka mji mwingine. Kaegesha kigari chake mbele ya kibanda. "Fundi, nitolee hili pazia la nyuma. Viti navionea haya."

Mama Sindano akafungua mlango, akapitisha kidole kwenye mshono. Unarudi mara tatu. Akaupitia tena.

"Mwanangu, gari hili ulinunua kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja wa mji huuhuu, ana meno mengi. Hati ya mauzo ninayo, ina muhuri wake. Gia zilikuwa zinasumbua, nikamlazimisha atengeneze kwanza ndiyo nikalichukua."

Wakaangalia tarehe. Siku tisa tu baada ya ule mkono.

Mama Sindano akaenda nyumbani, akashusha pazia la sebuleni, akalikunja kwapani. Ofisini kwa kampuni, mumewe na mkunga nyuma yake, akalitandaza juu ya meza ya karani, kalamu zikamwagika.

"Mama, hiki nini?"

"Gari nililoficha. Hilo lingine liko nje, katoke ulione."

Karani akatoka na faili. Namba iliyochongwa kwenye bodi akailinganisha na ya kwenye faili: ileile. Akalinganisha kiti na pazia, mstari kwa mstari. Akakuna kichwa. Kumbe miaka yote kadi ya umiliki wa gari walikuwa na nakala yake tu. Ile halisi Bwana Meno aliwaambia inashughulikiwa, kumbe alimpa mkunga.

Akaitwa. Aliingia meno mbele, akaona muhuri wake kwenye hati ya mkunga mezani, yakaingia ndani moja moja.

"Sasa bwana mkubwa," karani akasema, "deni ni lako, na riba ya miaka saba. Gari la mkunga halihusiki. Ama hivyo, ama polisi."

Akageuza kompyuta ili mama aone. Akafuta. Kwenye ule wekundu akaandika jina la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amesimama palepale anatoka jasho.

"Dada yangu," Bwana Meno akasema, kanyoosha mkono, "tuyamalize kiungwana."

Mama Sindano akautazama ule mkono kama samaki wa juzi. "Andika. Gari ulirudishiwa lini, na ukamuuzia nani."

Akaandika. Mama, kwa kuwa kusoma kwake ni kwa kubahatisha, akampa mkunga asome kwa sauti, mara mbili, mlango ukiwa wazi na foleni nzima inasikia. Akaikunja karatasi ndani ya pazia, akamgeukia mumewe aliyekuwa kajibanza pembeni.

"Haya, mpe mkono sasa. Nyie ndio mnaoaminiana. Mimi napita dukani kuchukua cherehani."