Aliyevaa Jezi Namba Nane

Namshukuru Mola kwa mengi: kwa mvua zilizorudi baada ya ukame, na kwa watoto wa watu niliowafundisha Kurani hadi ndevu zao zikaota. Lakini nikiikumbuka mechi moja ya likizo, miaka ile ya tisini, hasira hunipanda hata tasbihi ikiwa mkononi.

Mgeni alitoka Nairobi kuteua kijana wa mpira. Ligi ilikuwa imepumzika, shule zimefungwa, na sekondari moja ya huko ilikuwa tayari kumsomesha bure kijana wa Garissa mwenye kipaji. Mmoja tu. Kamati ya michezo ikapanga mechi ya majaribio kiwanjani karibu na mtaa wa Iftin. Nikaombwa nikae na wateuzi, kwa kuwa, walisema, maalim hana upendeleo.

Miongoni mwa vijana alikuwamo mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mtoto wa kijiji cha Kotile. Alikuwa yatima wa baba. Alimaliza darasa la nane akakwama, maana maziwa aliyouza mama yake yalitosha chakula, hayakutosha karo. Alifika mjini juu ya lori la mbuzi, akapewa jezi namba nane, na kipindi cha kwanza kikawa chake. Mguu wa kushoto uliuchukua mpira mchangani kama kwamba mchanga haupo. Alifunga moja, akamtengenezea mwenzake la pili.

"Huyu nane ndiye," mgeni akasema chini ya turubai, soda mkononi. Kisha akatugeukia. "Wazee, mtanisamehe, lakini hawa vijana wenu naona wote sura moja. Warefu, wembamba. Bila namba mimi nimepotea."

Wazee wakacheka. Mimi sikuona cha kucheka. Kutoka Liboi mpakani hadi daraja la Tana, kwenye kila kizuizi cha polisi sisi Wasomali tulitoa vitambulisho kuthibitisha kwamba sisi ni sisi. Sasa mtu amekuja kumchagua mtoto, na hata uso wake hataki kuutazama! Mwenyekiti wa kamati alicheka kuliko wote, halafu akaitazama ile jezi namba nane.

Wakati wa mapumziko nilikwenda kuswali alasiri. Niliporudi kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, na namba nane ilikuwa mgongoni mwa mpwa wa mwenyekiti. Kijana wa Kotile alikuwa ameketi nyuma ya goli, kifua wazi.

"Jezi yako iko wapi?"

"Mwenyekiti aliniambia, 'Adeer, wewe umeshaonekana, pumzika. Mpe mwenzako naye aonekane.' Nikampa."

Alisema hivyo bila shaka yoyote. Kwetu mzee akikuita adeer, amekuita mtoto wa ndugu yake, nawe humwita kwa neno hilohilo, na mtoto hamuulizi ami yake sababu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mgeni akaita namba nane. Mpwa akajitokeza. Nikasimama.

"Nane uliyempenda si huyu. Ni yule pale asiye na jezi."

Mgeni akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mzee, mimi nimeandika nane. Nane ndiye huyu."

"Wape mpira wote wawili. Waambie wapige kwa kushoto."

"Maalim, usituaibishe mbele ya mgeni," mwenyekiti akadakia. "Hawa wote ni watoto wetu."

"Ni wetu, ndiyo. Kwa hiyo mmoja ale cha mwenzake?"

 Mwenyekiti akamwita kijana, akamwekea mkono begani, akamuuliza kwa Kisomali, kwa sauti laini kama ya mtu anayebembeleza ndama: "Adeer, sema kweli. Nilikunyang'anya jezi, au ulinipa kwa hiari yako?"

Kijana akanitazama. Kisha akatazama chini. "Nilikupa, adeer."

"Mmesikia?" Mwenyekiti akamtafsiria mgeni jibu lile peke yake. Swali hakulitafsiri. Nikalitafsiri mimi, kwa sauti, lakini mgeni alikuwa tayari ameitazama saa.

"Hayo ya kwenu mtamalizana wenyewe. Mimi nataka nivuke daraja kabla ya jioni."

Mpwa akapanda gari la mgeni na jezi yake mwilini.

Magharibi mwenyekiti akaja kusimama kando yangu msikitini. Bega langu likagusa lake, maana safu haingoji moyo wa mtu upoe. Baada ya salamu nikamwambia, "Kesho twende Kotile, ukamweleze mama yake kwa mdomo wako."

"Kwa gari gani, maalim?"

"Lori la mbuzi lililomleta mwanawe."

Akacheka, akatafuta viatu vyake. Asubuhi nilimngoja stendi mpaka dereva akachoka nami. Nikapanda na kijana.

Mama yake alitupokea kwa maziwa. Alimkagua mwanawe magoti, akamkagua miguu, akitafuta jeraha.

"Alicheza vibaya?" akaniuliza.

"Aliwashinda wote."

"Basi mbona amerudi?"

Kijana akasema, "Mama, haikuwa riziki." Nikamwambia anyamaze. Riziki ya Mungu isibebeshwe mzigo wa mwizi. Nikaiweka chini bilauri ya maziwa, nikamweleza mama yule kila neno lililosemwa kiwanjani na nani alilisema, na jina la mwenyekiti nikalitaja mara mbili.