Sahani ya Mgeni

Taabu ya Peninah ilianza na sahani nzuri. Katika ile nyumba ya kupanga nyuma ya barabara ya Al Rigga, Dubai, walikaa wanawake watano, yeye Mkenya peke yake na Wafilipino wanne, na kabatini mwao mlikuwa na sahani moja ya kauri yenye maua ya buluu. Haikuguswa ila mgeni akija. Sasa Luz, mmoja wa hao Wafilipino, aliitoa kila jioni, akampakulia Peninah wali na kipande cha samaki kilichonona kuliko vyote, akamwekea mezani kwa mikono miwili. "Karibu, Peninah. Kula." Kisha akarudi jikoni kula na wenzake, wakicheka kwa lugha yao.

Mwingine angemshukuru Mungu. Peninah alitafuna kama anayetafuna mchanga.

Hawa wawili, jamani, walikuwa chanda na pete. Luz, aliyeacha watoto wawili kwao Iloilo, ndiye aliyemfundisha Peninah kutandika vitanda vya hoteli alipotoka Bungoma hajui hata shuka ipi inalala chini. Kwa miaka mitatu alimgombeza kwa sufuria chafu, akamtania kwa kukoroma, akamlia chapati zake bila kuomba. Peninah naye alimwita Ate, yaani dada mkubwa. Halafu ghafla, khalas. Utani umekwisha, ugomvi umekwisha, hata zamu yake ya kuosha vyombo imechukuliwa. Akisogelea sinki, Luz anamwondoa taratibu: "Hapana, hapana, wewe pumzika."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mtu aliyelima miaka mitatu, akanyang'anywa jembe na kurudishwa kukaa kwenye mkeka, huyo wahenga hawakumsemea kitu.

Aliuliza. Kwao, watu wakikosana huitana wakaulizana.

"Ate, nimekukosea?"

"Hapana."

"Umenikasirikia?"

"Hapana! Kwa nini nikukasirikie?" Na tabasamu juu yake.

Asubuhi Peninah aliliamini tabasamu lile, mchana akalitilia shaka, jioni sahani ikaja tena na akawa hajui aamini nini. Alimpigia simu Ivy, rafiki yake wa Al Barsha.

"Hao wanachekanga tu, huwezi jua wanafikiria nini," Ivy alisema. "Si uhame? Kwetu kuna kitanda. Lakini niambie kabla ya Ijumaa, kuna dem mwingine anakitaka."

Peninah akajaza begi nusu, akatoa blauzi ya kuvaa kazini, akajaza tena. Kitanda si kitu, vitanda Dubai vimejaa. Kilichomkeketa ni kwamba akitoka mle ndani kwa adabu hizo, atakuwa amempoteza Luz, na hatajua hata alimpotezea wapi.

Akaenda kwa Rowena. Huyu alikuwa Mfilipino wa mapokezi pale hotelini, na kabla ya kuja Dubai alisomea saikolojia Manila. Walikaa kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi.

"Wewe ulisomea akili za watu. Luz ana nini?"

Rowena akacheka. "Nilisomea, lakini somo hili nilipita kwa kusukumwa." Hata hivyo akajaribu. "Walitutawala Wahispania, wakaja Wamarekani na vitabu vyao. Wakatupima kwa maswali ya kwao, wakaandika kwamba sisi tuna haya, tunatabasamu tu, hatusemi wazi. Miaka ya sabini walimu wetu wakachoka. Wakasema tujisome wenyewe, tuanze na maneno yetu. Neno kubwa likawa kapwa."

"Maana yake?"

"Mwenzako. Ila si kwamba yeye yuko kule na wewe uko huku. Wewe uko ndani yake, naye yuko ndani yako."

Hapo Peninah akatikisa kichwa kukubali. Utu huo hata kwao upo, alijua.

"Sasa, kuna mtu wa nje na mtu wa ndani. Wa nje tunampa heshima, sahani nzuri, tabasamu. Wageni wengi walipewa hivyo, wakaenda kuandika kwamba wanatujua. Kumbe waliachwa sebuleni."

Peninah akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo mimi nimeachwa sebuleni?"

"Sijui. Nadhani Luz amekususia. Lakini mtu wa nje hasusiwi, Peninah. Wa ndani ndiye hususiwa, ili aje abembeleze."

"Mara niko nje, mara niko ndani! Na nimbembeleze kwa kosa gani, nikimuuliza anasema hakuna?"

"Usimuulize. Mhisi."

"Namhisije?"

Rowena akatazama saa. "Ungekuwa Mfilipino ungejua. Yalla, kazini."

Peninah alipanda kutandika vitanda kichwa kikimvurugika kuliko alivyokuja. Mhisi, mhisi! Mtu ni homa? Lakini akiwa anavisha mito foronya alijikuta anarudi nyuma, siku moja baada ya nyingine, hadi mara ya mwisho Luz kumgombeza. Ilikuwa kabla ya msiba.

Kukhu wake, bibi aliyemlea, alifariki Bungoma naye hakuweza kwenda kumzika. Wakenya wakamfanyia matanga Bur Dubai, akalia hadi sauti ikakauka. Kabla ya kuingia nyumbani alinawa uso kwa maji ya chupa pale kwenye ngazi. Hawa ni watu wa kwingine, alijiambia, wana shida zao, nisiwabebeshe zangu. Aliona hiyo ndiyo adabu. Luz alimtazama macho yaliyovimba, akauliza neno moja tu: "Umekula?"

Naye akajibu: "Nimekula, Ate. Asante. Usijisumbue."

Foronya ikamponyoka mkononi. Basi aliyeanza kumweka mwenzake sebuleni alikuwa nani?

Hakuwa na hakika. Alhamisi jioni alikuta sahani ya maua imeshawekwa mezani, begi lake liko mlangoni, na ujumbe wa Ivy kwenye simu: Unakam ama? Akaibeba sahani, akaingia nayo jikoni. Akaurudisha wali na kipande cha samaki kwenye sufuria, akaketi juu ya ndoo karibu na Luz.

"Ate, siku ile nilikudanganya. Sikuwa nimekula."

Luz aliendelea kukwangua ukoko.

"Kukhu wangu amekufa. Ndiye mama niliyemjua. Tangu siku hiyo chakula hakishuki."

"Najua!" Luz aligeuka na mwiko mkononi, tabasamu hakuna. "Nimeambiwa na Hudson! Mlinzi wa mlangoni, Peninah! Mlinzi anajua bibi yako amekufa, mimi ninayelala kitanda cha juu yako sijui!" Akamchapa begani kwa kitambaa cha vyombo, akamchapa tena, machozi yakimtiririka, na Peninah akalia naye kwa sauti kubwa kama wanavyolia kwao.

Kisha Luz akasukuma katikati yao sahani yake ya plastiki, ya wali wa jana. Wakala kwa mikono. Walipomaliza, Luz akaiosha na kuikausha ile ya maua, akaifungia kabatini, akageukia sinki.

"Na hizi sufuria," akafoka, "unangoja nani akuoshee?"