Wimbo Walionitungia Mtoni

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Walikale, mwanangu, nikitwanga sombe, majani ya mihogo, huku uchungu wa uzazi umenishika kiunoni, na mimi kimya, meno nimeyabana kama mwizi aliyejificha chini ya kitanda. Cheka tu. Tumbo lako limeshashuka, na kila siku nakuona unaiuliza telefone maswali, mimi koko wako, bibi yako mzima, nimekaa hapa hapa bila kazi.

Nilikuwa mgeni kwa watu. Wazazi wangu walitoka upande wa Butembo, wakawa na duka pale Hombo, nami nikaolewa na kijana wa msituni, babu yako, mwindaji asiyejua hata bei ya sabuni. Kwao kulikuwa na desturi moja iliyonikosesha raha. Mwanamke akizaa, wenzake wakienda mtoni kuloweka mihogo walimtungia wimbo juu ya namna alivyolia. Wifi yangu alinionya huku akicheka: "Weye mutoto wa duka, utalia mupaka nyani wakimbie. Tutakuimba!"

Basi nikaapa moyoni sitatoa sauti, afadhali nipasuke. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kuzaa.

Mama mkwe wangu alikuwa mkali, mtu wa maneno machache. Siku hiyo alirudi shambani na kikapu cha ndizi mgongoni, akasimama mlangoni mwa jiko akinitazama. Aliona mchi unakwama hewani, unashuka, unakwama tena. Akatua kikapu.

"Ilianza saa ngapi?"

"Asubuhi, Mama."

"Na unanyamaza juu ya nini?"

Nikamweleza habari ya wimbo, machozi yakinitoka. Nilidhani atanisifu kwa ujasiri. Loo! Alinigombeza mpaka kuku wakakimbia jikoni.

"Ule wimbo njo wa kukufurahia! Mimi pia waliniimba. Weye unakaza kinywa, unakaza mabega, unakaza mwili muzima, sasa mutoto apite wapi? Lia, binti yangu. Iko nani hapa wa kukucheka?"

Akaushika mchi pamoja nami. Kila uchungu ulipopanda, alitoa sauti nzito ya chini, haaa, nami nikamfuata, kwanza kwa aibu, baadaye kwa nguvu. Mabega yakalegea. Maumivu hayakuisha, lakini hofu ilipungua, nikaweza kupumua. Kisha akanifunga kitenge, akasema twende maternite, kwenye nyumba ya kuzalia, mapema, wakati miguu ingali inanibeba. Tulienda polepole kwenye tope. Uchungu ukija nilimshika shingoni, tukayumba pale pale njiani, tunanguruma wawili, na wapita njia wanatupisha. Nilimpenda mama yule siku hiyo kama aliyenizaa.

Mzalishaji alinipima, akaniacha nitembee na kuchuchumaa nilivyotaka. Mtoto alipotoka nilipiga ukelele ambao sijui niliutoa wapi. Wakamlaza kifuani pangu akiwa bado na unyevu, akalitafuta ziwa mwenyewe. Huyo ndiye mama yako.

Wifi hakukawia. Nilikuwa bado nanyweshwa uji wa mtama, nikasikia mto wote unaimba: "Mutoto wa duka, eeh, umelia, musitu umesikia, mulango umefunguka!" Nililia tena, kwa furaha. Ndiyo, ni ule ule mama yako aliokuimbia akikuogesha.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Usizae kwa ajili ya macho ya watu. Chagua tangu sasa mtu mmoja ambaye mbele yake huoni haya kulia, naye akae nawe mpaka mwisho. Siku za kupimwa usizikose, na ukiona damu, au mtoto akitulia tumboni kuliko kawaida, usingoje wimbo wala dawa ya majani, kimbia kwa waganga wa hospitali. Uchungu ukienda vizuri, tembea, yumba, fungua kinywa. Na ukishazaa, kubali kupikiwa. Lala na mtoto wako, vyombo vitaoshwa na wengine.

Mungu akulegeze kila kiungo, akujaze maziwa, na mtoto wako alie kwa nguvu kukushinda weye. Wifi yangu sasa hana jino hata moja, lakini jana nilimkuta mtoni na wasichana, anawafundisha kuitikia. Wimbo wako umeshaanza, wanangoja sauti yako tu.